Sabufa na Kuta za Nyumba

Baada ya malipo ya korosho, si ajabu kuona sabufa mpya ikipelekwa nyumbani, iwe Masasi mjini au Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Lakini mara nyingi furaha hiyo haidumu. Aliyeketi ukutani hulalamika kuwa besi inanguruma mno. Aliyeketi katikati ya sebule haisikii vizuri. Mwenye nyumba hukata shauri kwamba chombo chake ni kidogo, akaanza kuweka akiba ya kununua kikubwa zaidi. Shauri hilo si sahihi. Mara nyingi kosa limo chumbani, si katika chombo.

Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa takriban mita 345 kwa sekunde. Kwa hiyo mlio wa mitetemo 43 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa mita 8 hivi. Katika sebule ya mraba yenye mita 4 kila upande, nusu ya wimbi hilo hulingana na nafasi baina ya kuta. Wimbi hugonga ukuta wa tofali za saruji, hurudi, na kukutana na lile linalokuja. Karibu na kuta mlio huo huongezeka, katikati hufifia. Na kwa kuwa pande zote ni sawa, dosari hiyo hujirudia katika upana pia. Pazia na mikeka havisaidii sana, kwani ni vyembamba mno kwa mawimbi marefu hivyo.

Ngoma za sindimba zipigwapo uwanjani hazina taabu hiyo, kwa maana hakuna kuta za kuyarudisha mawimbi. Tena mpiga ngoma huipasha ngozi motoni na kuisikiliza kabla ya kuanza.

Mwenye sabufa naye yampasa asikilize kwanza. Na aiweke pale anapoketi, afungulie muziki anaoufahamu, kisha azunguke kandokando ya kuta akiwa ameinama hadi kimo cha sabufa. Pale besi inaposikika sawasawa, bila kuvuma wala kupotea, ndipo mahali pake. Kwenye kona besi huwa nyingi zaidi, lakini wingi si ulinganifu. Mwisho aipunguze mpaka ilingane na spika nyingine. Jirani naye atalala.

Fedha ya korosho ni jasho la mwaka mzima. Haifai inunue ukubwa wa chombo, ilhali nusu saa ya kusikiliza ingetosha.