Shamba la Jamaa: Mche wa pamba haungojei baba arudi

Mwezi huu tuseme juu ya pamba, zaidi sana mche wake ungali mdogo.

Kwa wazee wa Maniema neno hili ni chungu. Mwaka wa 1917 Bula Matari alitoa amri ya kulimisha watu kwa lazima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza za Kongo kulimishwa pamba namna hiyo. Kapita alipita shambani na asiyelima alipata fimbo. Leo anayepanda, anapanda kwa kutaka kwake. Basi, kabla ya yote, uliza nani atanunua na kwa bei gani, juu pamba hailiwi. Kama mnunuzi hayuko, panda muhogo na karanga.

Lakini kama umeamua, sikia. Pamba inakaa shambani miezi 5 ama 6, na inataka jua wakati wa kupasuka. Kwetu kiangazi inaanza Juni. Hesabu kurudi nyuma, utafika Desemba. Mwenye kupanda mapema, mwisho wa Novemba, mche wake una nafasi ya kukomaa, lakini utakutana na mvua kali ungali mtoto.

Na hapo ndipo jamaa nyingi zinaanguka. Baba anapanda, kisha anashika njia ya kwenda kuchimba, Kalima ama Namoya. Anasema, "Nitarudi, pamba itakuwa kubwa." Pamba haijui maneno hayo. Siku 40 za kwanza inakua polepole sana juu ya ardhi. Ikiumia wakati huo, kazi ya nguvu ya baadaye haitarudisha kilichopotea. Sherti mtu awepo. Afanye nini?

1. Maji. Usipande pale maji yanaposimama. Mizizi inakosa hewa, mche unakuwa wa manjano na unaoza. Panda juu ya tuta, chimba mfereji mdogo. Tia mbegu 4 ama 5 kwa shimo, kina cha sentimita 2 ama 3, si zaidi.

2. Udongo mgumu. Mvua kubwa ikipita na jua likiwaka, udongo unafunga kama kifuniko. Mbegu nzuri inaota baada ya siku 4 hadi 7. Kama hutoki kitu, vunja ule udongo wa juu kwa vidole, taratibu. Shimo lililobaki tupu, rudishia mbegu upesi. Ukichelewa, mche mpya utafunikwa na wenzake.

3. Majani mabaya. Palilia kabla wiki 3 hazijaisha. Palilia juu-juu, usikate mizizi. Kisha punguza miche, bakiza 1 ama 2 kwa shimo. Fanya hivyo udongo ukiwa na maji, na ile ya kutoa uikate chini. Ukiivuta kwa nguvu unaumiza inayobaki.

4. Dudu la kukata shina. Asubuhi unaona mche umelala chini kama umekatwa na kisu. Mwenye kosa hayuko mbali: fukua udongo pale pale, utakuta funza mnene amejikunja. Mwue. Zungushia miche mingine majivu makavu. Mvua ikiyachukua, rudia.

5. Wadudu wa chini ya majani. Geuza jani. Ukiona vidudu vidogo vimejazana, jani limejikunja na linanata, na sisimizi wanapanda na kushuka, osha kwa maji yenye sabuni kidogo, jioni, si katika jua kali. Wengine wanaruka upande-upande. Hao wanafanya ukingo wa jani uwe manjano, kisha mwekundu. Pamba yenye majani ya manyoya inawashinda. Uliza mbegu ya namna hiyo. Na yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi mgongoni, mwache! Yeye anakula adui zako.

Usikimbilie dawa ya sumu. Ukiimwaga mapema, unaua na hao wasaidizi, kisha adui wanarudi wengi zaidi. Na chupa yake isiingie jikoni hata kidogo.

Kazi hizi si kubwa. Kijana anaweza kupita mistari asubuhi kabla ya masomo, na masomo yasiachwe juu ya pamba. Mama anaona kwa jicho moja mahali palipobadilika kuliko jana. Lakini baba, tuseme wazi: kama mama na watoto ndio waliokaa na mche siku 40, siku ya kupima kilo na kupokea franka wawe pale, na neno lao lisikiwe. Zamani watu wa Maniema walilima pamba na mwingine akahesabu faida. Jambo hilo lisirudi tena ndani ya nyumba zetu wenyewe.