Mtoto wa Mama Mkenya Si Mgeni



Juma hili tumepokea barua ya mama mmoja wa mji wetu. Aliolewa na Mhadhrami, akamfuata Mukalla, na huko akajaaliwa binti mwaka 2004. Vita vilipopamba moto Yemen alirejea kwao na mtoto, na mumewe akawafuata baadaye. Binti sasa ni mtu mzima, na kila aendapo kuomba kitambulisho huulizwa kipande cha baba. Lililotuumiza zaidi si swali hilo. Ni kwamba mama mwenyewe, miaka yote hii, amemhesabu bintiye kuwa mgeni, akiishi na hofu ya kumlea katika nyumba ya babu yake mzaa mama.

Hofu hiyo ina asili yake. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kwa baba peke yake. Mwanamume Mkenya aliyeoa ugenini aliweza kumwombea mkewe uraia, lakini mwanamke Mkenya hakuwa na haki hiyo kwa mumewe. Sheria ile ilituuma zaidi sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walioa na kuozana na watu wa Hadhramaut, Oman, Unguja na Ngazija kabla ya mipaka hii kuchorwa.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliyaondoa hayo. Kifungu cha 14 kinasema kuwa mtu ni raia wa kuzaliwa iwapo siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Tena kifungu hicho hakikuwasahau waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo binti wa Mukalla haombi fadhila, adai kilicho chake. Na mama aliyeolewa na mgeni asidhani kuwa nikaha imemvua uraia, kwani Katiba yasema waziwazi kuwa uraia haupotei kwa ndoa wala kwa talaka.

Kwa mume mgeni mambo ni mengine. Ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia ndoa ikitimiza miaka 7. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yataka nikaha iwe imefungwa kwa utaratibu unaotambuliwa nchini na wanandoa wawe bado wakiishi pamoja.

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Sheria ya Ndoa ya 2014 imetaka ndoa zote ziandikishwe, zetu pia, na kuna makadhi, masheikh na maimamu walioidhinishwa kwa kazi hiyo. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wenye cheti? Twamwalika shekhe, halua yaliwa, mahari yatajwa, basi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqarah, yahusu kuandikiana deni. Deni la shilingi elfu moja twaliandika, nikaha twaiacha vifuani mwa mashahidi ambao baadhi yao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ukifika wakati wa kuhesabu miaka 7, twahesabu kutoka wapi?

Wabunge wetu nao wana kazi. Tungependa sheria ya 2011 irekebishwe, iandikwe humo bila kuacha mwanya kwamba kitambulisho cha mama chatosha kama kitoshavyo cha baba. Haki iliyomo katika Katiba ikitegemea hisani ya aliyekaa dirishani, mwenye subira ndogo huirudisha nyumbani.

Mama aliyetuandikia twamshauri achukue kitambulisho chake na cheti chake mwenyewe cha kuzaliwa, pamoja na cheti cha binti kutoka Mukalla kikiwa kimefasiriwa na mfasiri anayekubalika rasmi. Afuatane na binti, na asiende na mume safari hii. Akiambiwa tena kuwa baba ndiye atakiwaye, aombe jibu hilo kwa maandishi, kisha atuletee.