Bigarade ni Danzi

Mtafsiri anayekutana na neno la Kifaransa bigarade katika kitabu cha mapishi huelekea kuandika "chungwa chungu" na kusonga mbele. Maana haipotoki sana, lakini tafsiri hiyo inalipuuza neno la Kiswahili lililoko tayari: danzi.

Inafaa ikumbukwe kuwa chungwa chungu ndilo lililotangulia kufika pwani za Mediterania, likienezwa na Waarabu karne kadhaa kabla ya chungwa tamu. Jina lilisafiri pamoja na tunda: naranga la Kisanskriti, narang la Kiajemi, naranj la Kiarabu, hatimaye orange la Kifaransa. Hivyo basi, hapo awali orange lilikuwa tunda chungu. Chungwa tamu lilipoenea, yapata karne ya 15 na ya 16, mgeni alitwaa jina la mwenyeji, naye mwenyeji akabaki kutafutiwa jingine. Lililopatikana ni bigarade, kutoka Kiprovansi bigarrado, lenye dhana ya rangi mchanganyiko. Ajabu ni kwamba tunda linalomkunja mlaji uso lilipewa jina kwa sura ya ganda lake, wala si kwa ladha!

Jikoni, neno lilizidi kuhama. Sosi ya bigarade, inayoandamana na nyama ya bata, hupata ukali wake kutokana na maji ya tunda hilo. Hata hivyo, Escoffier, katika kitabu chake cha mapishi cha 1903, anaikamilisha kwa maji ya machungwa na limau. Jina limesalia, tunda laweza kukosekana. Kwa hiyo mtafsiri hana budi kutenganisha mambo mawili: sosi na ibaki sosi ya bigarade, kwa kuwa hilo ni jina la chakula, tunda na liitwe danzi.

Wapo watakaodai kuwa wasomaji wengi hawalijui danzi. Hoja hiyo haina mashiko. Johnson aliliorodhesha katika kamusi yake ya 1939, na mti wake, mdanzi, una jina lake kamili sawa na mchungwa. Wasomaji watalijuaje ikiwa wanaolijua hawaliandiki? Isitoshe, "chungwa chungu" laweza kueleweka kuwa chungwa la kawaida lililoharibika au lisiloiva. Kifaransa kililazimika kubuni jina jipya baada ya lile la kwanza kutwaliwa. Kiswahili hakikufikwa na hali hiyo: chungwa lina jina lake, na danzi lake.