Artemisia: Mkulima auza kilo, kiwanda chanunua asilimia

Mkulima wa artemisia hupima mavuno yake kwa mizani. Mwenye kiwanda huyapima kwa maabara. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani apate faida.

Jani kavu la artemisia lina viambato vingi: nta, mafuta, rangi ya kijani na vinginevyo. Kinachotakiwa kwa dawa ya malaria ni kimoja, artemisinini, ambacho aghalabu ni asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wa jani.

Kukipata kunahitaji kuutenganisha mchanganyiko huo kwa hatua. Mwaka 1971 mtafiti wa China, Tu Youyou, na wenzake waligundua kuwa joto kali huharibu dawa hiyo. Wakatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, kisha wakaondoa sehemu yenye asidi. Sehemu iliyobaki iliua vimelea vya malaria kwa panya. Mwaka 1972 wakapata fuwele safi, na mwaka 2015 Tu akapewa Tuzo ya Nobel.

Viwanda hufuata mantiki hiyo hiyo: jani hulowekwa kwenye kiyeyusho, nta huondolewa, kinachobaki huchujwa tena hadi fuwele zijitenge. Kila hatua ina gharama, iwe jani ni bora au hafifu.

Hapo ndipo hesabu ya mkulima inapoanza. Tani moja ya jani lenye asilimia 1 ina kilo 10 za artemisinini. Lenye asilimia 0.5 ina kilo 5 tu. Akilipwa kwa uzito pekee, wakulima hao wawili hupata fedha sawa, na ziada humwendea mnunuzi.

Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa mseto mwaka 2001, mahitaji yalipanda, na wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda wakapanda kwa wingi. Kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeporomoka. Soko likijaa, jani hafifu ndilo la kwanza kukataliwa.

Kwa hiyo mkataba unapaswa kutaja kipimo cha maabara, nani anakilipia, na nyongeza kwa kila asilimia inayozidi. Vikundi vya wakulima vibaki na sampuli yao. Aidha, mabua yatengwe, kwani artemisinini imo zaidi kwenye majani na maua.

Asiyejua kilichomo ndani ya gunia lake hana cha kujadiliana na mnunuzi.