Kanisa la Matendo mnalolitaja, mmelisoma lote?

SEHEMU YA 1

Wiki hii uji wa lishe unapumzika. Naongelea injili, na najua wengine mtanuna.

Hapa kwetu mvua ikishakata, viwanja vinajaa spika. Kiwira, Katumba, Ushirika, mjini Tukuyu, ukitoka mkutano huu unaingia ule. Sina ugomvi na mikutano. Mimi ni Mkristo, nimelelewa na kwaya na shule ya Jumapili. Kinachonikera ni lile tangazo la kila mwaka kwamba sasa kanisa la Matendo ya Mitume limerudi, ishara na miujiza kama zamani. Na anayetumika kuthibitisha huo muujiza karibu kila mara ni mama. Mama ndiye anapandishwa jukwaani. Mama ndiye anaulizwa "umepona, hujapona?" mbele ya kijiji kizima, mtoto mgongoni, majirani wanamtazama. Jamani, unategemea ajibu nini?

Anarudi nyumbani amepona kwa mdomo. Dawa za presha zinakaa kabatini. ARV zinaishia chooni, na mtoto anaendelea kunyonya bila kinga. Sisi wa zamu ya usiku tunakutana nao baadaye. Mjamzito wa miezi minane, kichwa kinamuuma kupita kiasi, macho yanaona ukungu, uso na mikono vimevimba, ndugu wanasema ni vita vya kiroho. Ni dalili za kifafa cha mimba. Dawa yake ipo, sindano ya magnesiamu, ila aliyeletwa baada ya siku mbili za kukemewa mapepo mara nyingi anakuwa amechelewa.

Basi kwa kuwa wao ndio wamelitaja kanisa la Matendo, twendeni tukalisome. Lote, sio zile aya tatu za jukwaani.

SEHEMU YA 2

Fungueni Matendo sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu bado changa kabisa, na mgogoro wa kwanza mkubwa kati ya waumini wenyewe hauhusu mapepo wala nani ana upako kuliko mwenzake. Unahusu chakula cha wajane. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wanarukwa kwenye mgao wa kila siku. Wakanung'unika, kama ambavyo mama yeyote angenung'unika. Sasa tazameni mitume wanafanya nini. Hawawaambii wajane wafunge na kuomba. Wanaita mkutano, wanachaguliwa watu saba wenye sifa njema, kazi inagawanywa, mgao unasimamiwa. Kamati, jamani! Kanisa la moto lilichagua kamati ya chakula.

Halafu someni aya ya 7, ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwenye spika. Baada tu ya mgao kunyooshwa, Luka anaandika kwamba neno la Mungu lilienea na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana, hata makuhani wengi wakaamini. Mnaona mpangilio? Wajane wameshiba, mji umeamini. Mnataka uinjilisti wa mitume, huo hapo.

Nendeni sura ya 9, Yafa, kwa Dorkasi. Petro alipofika, wajane walisimama wanalia, wakamwonyesha kanzu na mavazi ambayo marehemu aliwashonea alipokuwa hai. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wao. Ndiyo, Petro aliomba na Dorkasi akafufuka, na watu wengi wa Yafa wakaamini, mimi siupunguzi muujiza. Ila naomba mjiulize hao wajane walimjuaje Yesu kabla Petro hajafika. Walimjua kwa sindano na uzi.

Hata nje ya Biblia habari ni hiyo hiyo. Tauni ilipoipiga Aleksandria miaka ya 260, askofu Dionisio aliandika jinsi Wakristo walivyobaki kuwahudumia wagonjwa wakati wengine wanakimbia, na wengi wao wakafa kwa ugonjwa huo huo. Warumi walikuwa na desturi ya kumtupa mtoto mchanga wasiyemtaka, hasa wa kike au mwenye kilema. Wakristo walikatazwa kabisa jambo hilo. Kufika mwaka 362 kaisari Juliani, ambaye aliuacha Ukristo na kutaka kurudisha miungu ya zamani, alilalamika kwa barua kwamba hawa Wagalilaya wanalisha maskini wao na maskini wetu pia, tunaaibika. Adui mwenyewe alijua nguvu yao iko wapi. Miaka michache baadaye, kule Kaisaria ya Kapadokia, askofu Basili alijenga nyumba kubwa ya kutunzia wagonjwa na maskini. Yaani kazi yangu hii ya kubadilisha shuka na kupima joto ina wazee wake kanisani. Mtu asiniambie nesi ni mambo ya kimwili.

SEHEMU YA 3

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza, Yakobo 5, wazee na mafuta. Vizuri, tusome pamoja. Mgonjwa yuko kwake. Anaita wazee wa kanisa. Wazee ndio wanakuja. Hakuna nauli ya mgonjwa kwenda mkoa mwingine, hakuna foleni, hakuna chupa ya mafuta yenye bei. Siku hizi tumegeuza, mgonjwa ndiye anatembea na mzee ndiye amekaa.

La pili, leso za Paulo, Matendo 19. Zilichukuliwa, wagonjwa wakapona, ni kweli imeandikwa. Zilichukuliwa, sio ziliuzwa. Na huyo huyo Paulo, sura moja mbele, anawaaga wazee wa Efeso akiwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala mavazi ya mtu, mikono yake mwenyewe ilimlisha yeye na wenzake. Alikuwa fundi mahema. Simoni wa Samaria alipoleta hela anunue uwezo wa mitume, Petro alimwambia apotee nayo. Mitume walikuwa wakali kwenye hela kuliko kwenye kitu kingine chochote. Sasa mama anauza ndizi Kiwira, amepata elfu ishirini, anaambiwa apande mbegu. Elfu ishirini hiyo ilikuwa nauli ya kumpeleka mtoto hospitali!

La tatu ndilo linaniumiza zaidi, kwamba anayekunywa dawa hana imani. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, 1 Timotheo 5. Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa, 2 Timotheo 4. Epafrodito nusura afe, Wafilipi 2. Hawa ni watu wa timu ya Paulo, wamezungukwa na maombi asubuhi na jioni, na waliumwa. Hakuna aliyeambiwa imani yake ni ndogo. Na Luka, anayetuandikia hivyo vyote, Wakolosai 4 inamtaja kuwa tabibu mpendwa. Paulo alizunguka na daktari kwenye msafara, ninyi mnamwambia mama achome kadi ya kliniki?

Tumeshayaona mwisho wake. Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia Loliondo kunywa kikombe cha shilingi 500, wengine walitolewa vitandani hospitalini, wengine wakafia kwenye foleni ya magari, na wapo walioacha ARV. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikanyagana mpaka kufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako, watoto wakiwemo. Kenya, 2023, msitu wa Shakahola ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Akina mama walikuwa na watoto wao mle. Watoto, ambao hawakuchagua kufunga.

SEHEMU YA 4

Kuna dada kaniuliza inboksi, "Sasa nesi, bila mikutano mikubwa watu wa Rungwe wataokokaje?" Mdogo wangu, babu na bibi zako waliokokaje?

Wamoravian akina Theodor Meyer na Theophil Richard walifika Rungwe 1891, na mwaka huo huo Walutheri wa Berlin nao wakapanda kutoka Ziwa Nyasa. Pale Rungwe Misheni walijenga, walichoma matofali, walijifunza Kinyakyusa, walifundisha kusoma. Ubatizo wao wa kwanza ulikuwa 1897. Miaka 6! Leo mhubiri akikaa siku 6 bila watu kujaa anahamisha turubai. Na aliyebatizwa wa kwanza hakuwa chifu wala mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa mwanamke, Fiabarema, akapewa jina la Numwagile, nimempata. Mliosema Kinyakyusa mnalisikia lilivyo tamu. Hakusema nimeponywa, wala nimebarikiwa gari. Nimempata.

Hata hao wenyewe hawakuanza na watu wa majukwaa. Wamoravian wawili wa kwanza kutumwa mbali, 1732, kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, mmoja alikuwa mfinyanzi na mwingine seremala. Sitaki kuwapamba wamisionari, walikuwa na makosa yao, walidharau mengi ya kwetu na walikuja wakati mmoja na bendera ya Mjerumani. Lakini 1916 Waingereza walipowaondoa kwa sababu ya vita, nani alibaki na kanisa? Walimu wetu, wazee wetu, na mabibi zetu waliosali jikoni. Miaka karibu kumi bila Mjerumani na ibada hazikufungwa. Kwa umeme upi? Kwa spika ipi?

Na waliofuata walijenga hospitali. Igogwe ni ya Wakatoliki. Itete ni ya Walutheri. Isoko, kule Ileje, ni ya Wamoravian. Nusu ya mnaosoma hapa mlizaliwa au mmezalia kwenye moja ya hizo. Kanisa lilishika kitovu chako kabla hujajua kusema amina, halafu leo mtu wa juzi anakwambia hospitali ni kukosa imani.

Nisiwe wa upande mmoja. Wanaokimbilia kwa manabii wengine wanakimbia midomo yetu. Kuna wodi mama anafokewa akiwa kwenye uchungu, anaambiwa maneno ambayo hata mbuzi haambiwi. Kule kwa nabii anaulizwa jina lake, anashikwa bega, analia anasikilizwa. Wauguzi wenzangu mnaosoma, mnajua ninachosema. Mama anayekwenda kutafuta upole hana kosa. Kosa ni la anayemuuzia.

SEHEMU YA 5

Namalizia na mambo madogo mliyoniuliza sana, kwa sababu maisha ya watu yako humo.

Mfungo. Mjamzito na anayenyonyesha asifunge chakula wala maji, hata ukiwa mfungo wa kanisa zima. Afunge simu, afunge umbea, ni mfungo mgumu tu. Vidonge vya kuongeza damu na ARV havifungwi siku hata moja.

Mkesha. Mwezi wa sita na wa saba Tukuyu mnaijua baridi yake. Kichanga cha wiki mbili anafanya nini kanisani saa nane usiku, mlango wazi, ukungu unaingia? Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, na akipoa hanyonyi. Baki naye nyumbani, kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike. Mungu wa mkesha anajua kwako.

Degedege. Mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala dawa mdomoni, usimmwagie mafuta puani, panda boda uende. Inaweza kuwa malaria kali. Omba njiani, omba kwa sauti kama unataka, ila boda isizime.

Kwa wachungaji, na najua wake zenu mnanisoma. Mna mimbari kila Jumapili na mama zetu wanawaamini kuliko wanavyotuamini sisi. Tangazeni siku ya kliniki pamoja na ratiba ya kwaya. Chagueni hata watu wawili, msiite kamati ya Matendo 6 kama hamtaki, wajue ni nani kajifungua wiki hii na hana kuni, nani kaachiwa watoto wa marehemu, nani hana nauli ya kwenda kuchukua dawa. Chanjo ni bure, ARV ni bure, kinachowashinda wengi ni barabara ya kutoka Masoko au Mwakaleli mvua ikinyesha. Kanisa lina waumini wenye pikipiki.

Na mwinjilisti mwenye wito wa kuombea wagonjwa wodini, karibu sana. Njoo saa ya kutazama wagonjwa. Nawa mikono. Muulize mama kwanza kama anataka kuombewa, na akisema hapana, mwache apumzike. Usiombe hela, usipige picha, usiguse dripu. Ukimaliza, kuna mama kitanda cha mwisho ambaye toka juzi hajaletewa chakula na mtu.