Wahusika Wenu Wanasoma Taarifa ya Habari

Nianze na konda wa daladala, maana ndiye anayeuawa mara nyingi zaidi katika hadithi zetu fupi. Gari limejaa, watu wananing'inia mlangoni, jasho linatiririka, na konda anafungua mdomo: "Tafadhali sogeeni nyuma kidogo ili abiria wengine wapate nafasi ya kuingia."

Hapohapo konda amekufa. Aliyebaki ni mwandishi aliyevaa shati la konda, anatusomea taarifa ya habari.

Konda wa kweli nani hamjui? "Sogea nyuma, sogea nyuma, kule kweupe! Bi mkubwa, mpakate huyo mtoto. We kaka, umelala?" Maneno hayafiki ishirini, lakini angalia yaliyomo. Bi mkubwa anaheshimiwa kwa jina, kisha anaamrishwa. Kaka wa watu hapati hata hiyo heshima. Humo mna haraka ya mtu anayedaiwa hesabu ya siku, mna umri, mna ubabe kidogo na utani kidogo. Ile sentensi ya kwanza haina hata kimoja cha hivyo. Ina sarufi tu.

Sasa tuseme ukweli, ndugu wasomaji. Hadithi nyingi za Kiswahili zinazoandikwa leo zina visa vizuri. Waandishi wetu wanajua kuanzisha jambo, wanajua kukufanya ugeuze ukurasa. Halafu wahusika wanaanza kuongea na kila kitu kinaanguka. Profesa, mama ntilie, mvuvi, mwizi wa simu, bibi wa miaka themanini, wote wanatoka mdomo mmoja, na mdomo wenyewe ni wa mwalimu wa Kiswahili siku ya ukaguzi. Kijana kaachwa na mpenzi wake, analia chooni, anasema: "Moyo wangu umejawa na huzuni isiyo kifani." Jamani! Nani analia hivyo?

Mnatuambia mnailinda lugha. Mimi nasema mnajificha nyuma yake. Mwandishi anayempa kila mhusika Kiswahili kilekile kilichonyooka hajamjua mhusika wake hata mmoja. Hajui kakulia wapi, anamwogopa nani, anadai nini. Angejua, asingeweza kuwafanya waongee sawa hata kama angetaka.

Najua mnachotaka kunijibu, maana nimeshajibiwa. Mhariri mmoja, jina silitaji, alinirudishia hadithi yangu yenye mama ntilie. Mama yule alikuwa amesema, "Leo hakopeshwi mtu, hata uje na ukoo mzima." Ikarudi imeandikwa, "Leo sitoi huduma ya mkopo." Huduma ya mkopo! Mama anapika wali maharage chini ya mwembe, mhariri kamgeuza benki. Pembeni akaandika: "Tutumie lugha sanifu."

Haya, tuzungumze hiyo sanifu.

Sanifu haikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 watu walikutana Mombasa, wakaamua kwamba lahaja ya Kiunguja ndiyo iwe msingi wa Kiswahili cha maandishi na cha shule. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia kazi hiyo, na baada ya uhuru, mwaka 1967, Tanzania ikaunda BAKITA. Sina ugomvi na hayo. Bila sanifu mimi wa huku nisingesomeka Kisumu wala Bujumbura. Lakini kabla ya kuwa sanifu, Kiunguja kilikuwa ni nini? Kilikuwa ni mazungumzo. Watu walikitumia kutongozana, kupimiana nazi, kugombana na majirani. Tulichokiita sanifu tulikichukua midomoni mwa watu. Leo tunakitumia kuwaziba midomo hao hao watu.

Tena kuna undumilakuwili hapa ambao sijawahi kusikia mtu akiuelezea vizuri. Mshairi akikata neno ili mizani itimie, kitendo hicho kinaitwa inkisari, kina jina lake la heshima, wanafunzi wanalikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nikikata neno hilohilo ili mhusika wangu apumue, naambiwa sijui kuandika. Yaani hesabu ya silabi inastahili uhuru kuliko mtu?

Angalieni jalada la riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999: Vuta n'kuvute. Hiyo ritifaa pale katikati haikuponyoka kiwandani. Ni mdomo wa mtu umeachwa kama ulivyo, na umewekwa kwenye jina la kitabu, mahali ambapo kila mwalimu atauona. Lugha imeharibika? Kitabu kimesomwa, kimefundishwa, na mwaka 2021 Amil Shivji akakitengenezea filamu. Na miaka ishirini kabla ya riwaya hiyo, mwaka 1979, mwandishi huyohuyo alikuwa ametupa Kuli, riwaya ya wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Jaribuni kufikiria Rashidi na wenzake bandarini wakiongea kama barua ya kuomba kazi. Mgomo usingefika hata getini.

Mnataka wa zamani zaidi? Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960. Bwana Msa na kiko chake akiwa na Najum, unasikia watu wawili wanaojuana wakizungumza, wakikatizana, wakitaniana. Kwa hiyo msiniambie kwamba mazungumzo yenye uhai ni uhuni wa vijana wa mitandaoni. Riwaya yetu ya upelelezi ilizaliwa nayo.

Nisieleweke vibaya: simpigi vita mhusika anayeongea Kiswahili kilichopambwa. Ken Walibora alipoandika Siku Njema, iliyotoka 1996, alimpa usimulizi Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, kijana anayekipenda Kiswahili kama wengine wanavyopenda mpira. Lugha yake ya kujipamba ina sababu; ni ya kwake. Tatizo ni walioisoma Siku Njema wakachukua mapambo wakaacha sababu. Sasa utingo wa lori anazungumza kama Kongowea, na hakuna anayejiuliza utingo huyo aliyaokota wapi hayo marembo.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana huko nako kuna walalo usingizi. Kuna vijana wenzangu wamesikia kilio hiki wakadhani dawa ni kumwaga maneno ya mtaani kama pilipili ya unga. Kila sentensi ina "mwanangu", kila mtu "anazingua", kila kitu "kinoma". Huo nao ni uziwi uleule, umebadilisha nguo tu. Maneno ya mtaani yanachacha haraka kuliko maziwa ya juzi. Neno lililokuwa moto wakati unaandika, kitabu kikitoka dukani tayari ni la baba zetu. Na zaidi ya hapo, mtaa wenyewe hauna mdomo mmoja. Muuza mitumba wa Karume haongei kama kijana wa bodaboda aliyeegesha nje ya soko hilohilo, na wote wawili wakiongea na mama zao simu ikipigwa kutoka kijijini, wanageuka watu wengine kabisa.

Hapo kwenye kugeuka ndipo penye utajiri, na ndipo waandishi wetu wanapopita mbio bila kuangalia.

Kiswahili kimetupa kitu ambacho lugha nyingi zitatuonea wivu: namna ya kuitana. Mke amemwita mumewe Baba Rehema kwa miaka kumi na miwili. Usiku mmoja, mezani, anamwita Hamisi. Basi. Imetosha. Mwandishi akiongeza "alisema kwa hasira", amemtukana msomaji. Kijana aliyekuwa akimwamkia jirani Shikamoo kila asubuhi, leo anapita na "Vipi, mzee." Kuna kitu kimetokea kati yao, labda deni, labda binti, na mimi msomaji nitafungua ukurasa wa pili kwa sababu nataka kujua ni kipi. Mwanaume wa Nairobi anafika ukweni Tanga, anamnyooshea mama mkwe mkono na kusema "Habari yako." Hajakosea sarufi hata kidogo. Lakini chumba kizima kimenyamaza, na hadithi imeanza.

Shemeji, mkuu, bosi, mheshimiwa, dada yangu, mwalimu, we, nyie, bwana wee. Kila mojawapo ni kipimo cha nani yuko juu, nani anaomba, nani anadanganya. Trafiki anaitwa "afande" wakati anasimamisha gari na "kaka yangu" wakati wa kuombwa msamaha. Na haya hayachachi. Maneno ya mtaani yatakufa, lakini mtu kubadilisha anavyomwita mwenzake kutaeleweka hata na mjukuu wako.

Kwa kuwa mnapenda kuuliza "sasa wewe unafanyaje?", nitawaambia. Nina tabia tatu, na siziachi.

Ya kwanza, nina daftari la masikio. Siandiki humo maneno mazuri wala methali. Naandika namna watu wanavyokwepa swali. Mtu anaulizwa, "Kodi umelipa?" Anajibu, "Kwani mwenye nyumba kapita hapa?" Jibu hilo lina thamani kuliko kurasa mbili za kunieleza kwamba jamaa hana hela. Watu wa hadithi zetu wanajibiana mno. Swali likija, jibu linakuja, kamili, kama mahakamani. Watu wa kweli hujibu swali walilotaka kuulizwa.

Ya pili, nasoma kwa sauti, peke yangu, mlango nimefunga. Pumzi ikiniishia katikati ya sentensi, na mhusika wangu ingemwishia. Bibi mgonjwa hawezi kusema sentensi yenye "ambaye" mbili. Mtu anayekimbia hana nafasi ya "hata hivyo".

Ya tatu, nafunika majina. Nachukua karatasi, nafunika kila "alisema Fulani", halafu nasoma mazungumzo peke yake. Nisipojua ni nani anaongea, sirekebishi maneno. Narudi nyuma kabisa kumtafuta mtu, maana hayupo.

Usimulizi wangu ni sanifu, na nitaulinda kama mtu yeyote. Lakini mistari iliyo ndani ya alama za kunukuu si yangu. Ni ya mhusika. Mhariri akiingia humo na kalamu nyekundu, anamsahihisha mtu mwingine kabisa.

"Lakini wasomaji wa Kenya hawataelewa." Wanaosikiliza Bongo Fleva kutoka asubuhi mpaka usiku? Wanaelewa. Na Mtanzania akikutana na neno la Nairobi katikati ya ugomvi wa mapenzi, atalielewa kutokana na ugomvi. Hivyo ndivyo tulivyojifunza lugha wote, tukiwa watoto chini ya meza, tukisikiliza wakubwa.

"Lakini kitabu hakitachaguliwa shuleni." Aa, hapo sasa tumefika kwenye mzizi. Nusu ya waandishi wetu wanaandika huku mwalimu kawakalia begani. Wanaandika kitabu kiteuliwe, na katika kukisafisha kiteulike wanakiua. Kumbukeni tu Rosa Mistika. Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliitoa mwaka 1971. Ilizuiwa kufundishwa madarasani kwa sababu ilisema waziwazi yanayowapata wasichana, na mengine yanawapata mikononi mwa walimu wao. Baadaye kitabu hichohicho kikawa cha shule, Tanzania na Kenya. Shule ndiyo iliyokifuata kitabu. Kezilahabi hakuiandikia shule. Aliandika alichokiona, kwa sentensi fupi, kavu, zisizomwomba mtu radhi.

Swali langu kwa waamuzi wa mashindano, wahariri na walimu ni moja. Baada ya miaka hamsini, mtu akitaka kujua watu wa wakati wetu walivyopendana, walivyodaiana, walivyodanganyana, atafungua vitabu vyetu. Atakuta nini? Kama ni taarifa ya habari, mwambieni basi akatafute kanda za redio, atazipata kwa bei nafuu zaidi.

Na kwa mwandishi mwenzangu unayesoma hapa ukiwa na hadithi iliyokwama: usitafute kisa kipya. Chukua karatasi, funika majina.