Barua ya Kuachishwa Kazi

Mtunza bohari anapofukuzwa kazi mjini Kamembe, habari humtangulia nyumbani. Mpaka wa Rusizi u karibu, wachuuzi na vibarua huvuka kila siku kwenda Bukavu na kurudi, na lililosemwa asubuhi darajani huwa limefika jikoni kabla ya chakula cha mchana. Mke huulizwa na jirani kabla hajaambiwa na mumewe. Mume naye, kwa aibu, aghalabu husema amepewa likizo.

Uongo huo huiponza nyumba kuliko kufukuzwa kwenyewe, kwa maana saa zinahesabiwa. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66 ya mwaka 2018, yamruhusu mwajiri kumwondoa bila notisi mfanyakazi aliyetenda kosa zito. Orodha ya makosa hayo ilitolewa kwa amri ya Waziri mwaka 2020. Lakini mwajiri naye amefungwa: hana budi kumpa mhusika sababu zake katika muda wa saa 48. Neno "sina imani nawe tena" ni jepesi mno. Magunia mangapi yamepungua, lini, na ufunguo ulikuwa kwa nani?

Mke mwenye busara, basi, haanzi kwa kuuliza, "Uliiba?" Huuliza, "Barua iko wapi, Baba Fulani?" Ikiwa mume ana la kujitetea, shauri hupelekwa kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, na suluhu ikikosekana, mahakamani. Hata mwenye hatia hapotezi vyote: ujira wa siku alizofanya kazi ni wake, na michango ya pensheni iliyokwisha kuwekwa RSSB haifutiki.

Askari wana kanuni zao, wala si laini zaidi. Mwaka 2017 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuondolewa kwa polisi 198. Agosti 2023 jeshi liliwafukuza majenerali wawili, maofisa wengine 14 na askari wa vyeo vya chini 116. Nyota za begani hazikumkinga mtu.

Swali la pili ni chungu, nalo humrudia muulizaji. Ile sukari iliyokuwa ikiingia nyumbani kila Jumamosi, na mshahara ukijulikana hadi faranga ya mwisho, ilidhaniwa yatoka wapi? Watoto waliinywa katika chai, wageni wakasifu ukarimu, na hakuna aliyeuliza hadi siku ufunguo wa bohari uliponyang'anywa.